Filamu Zinazopita Mara Moja

 

Leo nina maneno na mtu mmoja hasa. Ni yule anayepita Forodhani majira ya kipupwe, akaona mabango ya Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar, ZIFF kwa kifupi, akawaona watu wakiingia Ngome Kongwe na vitambulisho vimening'inia shingoni, kisha akashika njia yake kwa kuamini kwamba mle ndani si pake. Watu hawa ni wengi, na baadhi yao ni jamaa na majirani zangu. Ombi langu kwao ni kwamba safari hii waingie. Na wakishaingia, wasihangaike kwanza na mastaa wala na usiku wa ufunguzi. Watafute filamu ambayo huenda hawataiona tena maisha yao yote, waitazame mpaka mwisho, na taa zikiwashwa wasiondoke.

ZIFF ilianzishwa mwaka 1997, na tamasha la kwanza likafanyika 1998. Tangu hapo limejulikana pia kama Tamasha la Nchi za Jahazi. Waanzilishi wake walikusudia nchi zote ambazo jahazi lilizifikia kwa kaskazi na kusi: pwani yetu ya Afrika Mashariki, Ngazija na visiwa vingine vya bahari hii, Oman na Ghuba, Iran, Pakistan, India. Tuzo kubwa ikaitwa Jahazi la Dhahabu. Mimi nauheshimu sana uamuzi ule. Wangeweza kulipanga tamasha lao huku macho yao yakiwa Ulaya, ambako ndiko matamasha haya yalikoanzia. Wakaamua kuitazama Bahari ya Hindi, na kwa kufanya hivyo wakawa wanazungumza na mtazamaji aliyekuwapo tayari. Mtu wa Unguja hahitaji kufundishwa Bombay ni wapi. Bibi yake alimlilia Nargis wa filamu za Kihindi kabla yeye hajazaliwa.

Nimetaja Ulaya, basi niseme kidogo. Venice walianza tamasha la filamu mwaka 1932. Cannes walipanga kuanza 1939, vita vikawavuruga, wakaanza 1946. Berlin wakafuata 1951. Kwetu Afrika, Carthage ya Tunisia ilianza 1966, na Ouagadougou 1969. Hilo la Ouagadougou, FESPACO, mpaka leo huwakusanya watu wa filamu wa bara zima kila baada ya miaka miwili. Kote huko kazi hufanyika kwa namna inayofanana. Watengenezaji hutuma filamu zao, kamati huzichuja, zinazovuka hupangiwa siku na saa, na majaji huzitazama na kuamua nani apewe nini. Hayo ni ya wenye tamasha. Linalomgusa mtazamaji ni hili la siku na saa. Filamu ina nafasi yake ukumbini, mara nyingi moja tu au mbili, na ikishapita imepita.

Kwa nini nasema imepita? Fikiria kijana wa Pemba aliyetengeneza filamu ya dakika kumi na tano kuhusu wakulima wa mwani. Ni nzuri, imepigwa kwa makini, na watu wake wanasema kama watu wa pwani wanavyosema. Ataiuza wapi? Televisheni zetu ni nadra kutenga nafasi kwa filamu fupi. Biashara ya kanda na DVD ya Kariakoo, iliyoilea Bongo Muvi kwa miaka mingi, imekufa. Zipo filamu za Afrika Mashariki zilizobahatika kuingia Netflix, lakini hizo ni chache na karibu zote ni ndefu. Ile ya dakika kumi na tano ataizungusha kwenye matamasha mwaka mmoja au miwili, kisha itabaki kwenye kompyuta yake. Ukiikosa alasiri ile ulipokuwa Forodhani ukinunua urojo, umeikosa.

Na hapa, msikilizaji, pananiuma. Sisi hatukuwa watu wa kukosa filamu. Zanzibar ulikuwa mji wa sinema. Waulize wazee wakutajie Majestic ya Vuga, Empire, Cine Afrique. Mwanahistoria wa Marekani, Laura Fair, alikaa miaka mingi akiwahoji watazamaji wa zamani wa Zanzibar na Tanzania Bara, na mwaka 2018 kitabu chake, Reel Pleasures, kikatoka. Humo unakutana na watu waliojipanga foleni kuingia Awara ya Raj Kapoor, filamu ya mwaka 1951, wakarudi kuitazama tena na tena. Jumapili ilikuwa siku ya picha za Kihindi, na familia nzima ilivaa na kutoka. Yalikuwapo maonesho ya wanawake peke yao, ambayo mwanamke aliyelelewa ndani aliweza kwenda bila kusemwa. Nyimbo za filamu zile ziliimbwa na watu wasiojua neno la Kihindi. Mombasa, marehemu Juma Bhalo alijipatia jina kubwa kwa taarab iliyobeba mahadhi ya Kihindi. Dar es Salaam walikuwa na Avalon, Empress, na Drive-In ya Msasani, ambako watu walitazama picha wakiwa ndani ya magari.

Watu walipotoka ukumbini hawakutawanyika. Picha ilizungumzwa barazani wiki nzima. Je, yule mtoto alikosea kumkataa baba yake? Je, yule hakimu alistahili kusamehewa? Watu walizijadili ndoa zao na watoto wao kwa kuwasingizia Raj Kapoor na Nargis. Hicho ndicho ninachokiita kutazama filamu.

Kisha mambo yakabadilika. Zanzibar ilipata televisheni ya rangi mapema sana, mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati Tanzania Bara ilisubiri mpaka miaka ya 1990. Zikaja video. Majumba ya sinema yakakosa matengenezo, yakakosa picha mpya, yakafungwa moja baada ya jingine. Vikaja vibanda umiza vya kuonyeshea video, na mle ndani wakazaliwa mabingwa wa kutafsiri kwa sauti, kina Lufufu, waliomfanya stelingi wa Hong Kong aongee kama mtu wa Manzese. Ikaja Bongo Muvi, na Steven Kanumba alipofariki Aprili 2012 umati uliofurika kumzika Dar es Salaam ulionyesha watu wanavyowapenda waigizaji wao. Mapenzi ya filamu hayakwisha hata siku moja. Kilichokwisha ni ukumbi. Leo kila mtu anatazama yake kwenye simu, pembeni, amevaa visikizio, na akimaliza hana wa kumuuliza.

Ndiyo maana nikaenda tamashani. Nilitaka kukaa tena na watu nisiowajua mbele ya skrini moja.

Siku yangu ya kwanza nilianza na ratiba. Mgeni akiishika ratiba ya tamasha la kimataifa huona majina ya nchi, majina ya waongozaji, dakika, kumbi, na yote yanamwita kwa pamoja. Ushauri wangu ni kuchagua filamu mbili au tatu, zisizidi hapo. Moja iwe ya mchana. Kumbi za mchana ni ndogo, watu ni wachache, madirisha yamefunikwa kwa mapazia mazito ili projekta ionekane, na hapo ndipo filamu fupi na filamu za makala hupangwa. Usiku, watu wote wanakwenda Ngome Kongwe. Mchana wanakwenda wanaotaka kuona.

Filamu ya makala ni kitu ambacho wengi wetu tunakifikiria vibaya. Tukisikia makala tunangoja sauti ya mtangazaji ikitueleza idadi ya tembo. Lakini chukua The Letter, ya mwaka 2019, kazi ya Maia Lekow na Christopher King wa Kenya. Kijana anayeishi mjini anarudi kwao, pwani ya Kenya, baada ya kusikia kwamba bibi yake ametuhumiwa uchawi. Hakuna mtangazaji anayetufafanulia. Tunakaa na bibi, tunaliona shamba lake, tunawasikia wanawe wakisema naye na wakisema nyuma yake, na polepole tunaanza kuelewa jinsi neno uchawi linavyoweza kukaa karibu na suala la nani atarithi ardhi. Mtu wa Kilifi, wa Tanga au wa Makunduchi akiitazama filamu ile hawezi kukaa kimya. Anamjua mtu. Na akiitazama peke yake kwenye simu, hiyo habari anayoijua atampa nani?

Kwa hiyo nije kwenye lile nililolitaka hasa: maswali baada ya filamu.

Taa zinawashwa. Mwongozaji, kama amekuja, anapanda mbele na kipaza sauti, na watu wanaanza kunyanyuka. Tafadhali usinyanyuke. Hii ndiyo nusu ya pili ya tamasha, na kwangu mimi ndiyo nusu bora. Hapa mtu aliyekaa miaka mitatu akiitengeneza kazi yake anasimama mbele ya mtu aliyeitazama kwa mara ya kwanza, na hawezi kukimbia.

Mchana wa siku yangu ya kwanza tuliona filamu fupi kuhusu nyumba ya mvuvi. Nusu saa hivi. Bahari ilipendeza, mwanga ulipendeza, wataalamu waliokaa mbele wakauliza kuhusu kamera na rangi. Kisha mama mmoja wa makamo, amevaa buibui, akaomba kipaza sauti. Akasema, "Mwanangu, hongera kwa kazi. Nyumba yako ina watu watano. Filamu nzima sijaona jiko likiwaka. Wanakula nini?" Ukumbi ukacheka kidogo, kwa namna ya kumuunga mkono. Yule kijana hakucheka. Alisema jikoni walipiga picha siku mbili nzima, na kwenye uhariri wakaambiwa sehemu ile inapunguza mwendo wa hadithi, wakaitoa. Alisema sasa anaona kwamba alipolitoa jiko alimtoa mama wa nyumba ile, maana alikuwa hana pengine pa kuonekana. Nimesoma tahakiki nyingi za filamu tangu wakati ule. Ni chache zilizogonga penyewe kama swali la yule mama, na aliliuliza kwa sababu anajua nyumba inavyoendeshwa.

Lipo swali jingine ambalo watu wetu huona haya kuliuliza, nami naona liulizwe: fedha zimetoka wapi? Kutengeneza filamu ni ghali, na filamu nyingi za Afrika zinazofika matamasha makubwa zina fedha za nje ndani yake. Nairobi Half Life ya mwaka 2012, aliyoiongoza David Tosh Gitonga, na Supa Modo ya mwaka 2018, aliyoiongoza Likarion Wainaina, zote mbili zilitokana na mpango wa mafunzo na utayarishaji ulioanzishwa na Wajerumani wakishirikiana na kampuni ya Nairobi. Ni filamu nzuri. Supa Modo, habari ya mtoto mgonjwa anayetamani kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu na kijiji kizima kinavyomsaidia awe hivyo, ni miongoni mwa filamu za Kenya ninazozipenda kuliko zote. Fedha za nje hazikuifanya iwe ya kigeni. Lakini zipo filamu nyingine ambazo ukizitazama unahisi mtu wa mbali alikuwa anaangaliwa usoni ili asichoke, na wewe mwenyeji unaelezewa mambo unayoyajua tangu utoto. Mtazamaji akimuuliza mwongozaji kuhusu hilo kwa adabu hamvunjii heshima. Wengi wao wanatamani kuulizwa.

Na lipo suala la nani anaona kwanza. Matamasha makubwa ya dunia hupenda filamu iwe haijaonyeshwa kokote. Kwa hiyo Vuta N'Kuvute, filamu ya Amil Shivji iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, riwaya ambayo vijana wetu wameisoma shuleni, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Toronto, Canada, Septemba 2021. Ni habari ya Zanzibar ya miaka ya 1950, ya Yasmin aliyeikimbia ndoa asiyoitaka na Denge anayepigania uhuru, imesemwa kwa Kiswahili, na watu wa Toronto waliiona kabla ya watu wa Vuga. Simlaumu mwongozaji. Mlango ule wa Toronto ulimpa nafasi ambayo sisi hatukuwa nayo ya kumpa, na baadaye Tanzania ikaipeleka filamu hiyo kushindania Oscar, jambo ambalo kabla ya hapo lilifanyika mara moja tu, mwaka 2001, kwa Maangamizi ya Martin Mhando na Ron Mulvihill. Lakini filamu ya namna hiyo ikirudi nyumbani, tuipokee kama wenyewe. Tuliosoma riwaya tuna maswali ambayo Toronto hawana.

Sasa usiku. Ngome Kongwe ilijengwa na Waomani baada ya Wareno kung'olewa Zanzibar, mwisho wa karne ya 17. Ndani yake pana ukumbi wa wazi wenye ngazi za mawe za kukalia, na juu ni mbingu. Filamu haiwezi kuanza mpaka giza liingie, kwa sababu mwanga wa jioni huimeza picha yote. Kwa hiyo watu huswali magharibi, hula, huja taratibu. Upepo wa kusi unavuma, mawe yanapoa. Chukua sweta au mtandio, na kitu cha kukalia.

Nilichokipenda pale ni sauti za watu. Wazanzibari hawatazami filamu kimya. Mwizi akijificha, watoto wanamwambia askari alipo. Mke akidanganywa, akina mama wanamwonya. Adhana ya isha ikipanda kutoka misikiti ya Mji Mkongwe, wanaokwenda wanakwenda na waliobaki wanasogea kuwapisha. Nimesikia wageni wakilalamika kwamba hawakusikia maneno ya filamu. Mimi nilikuwa namsikia bibi yangu akisimulia Majestic. Ukumbi unaosema na skrini ni ukumbi ulioamini kinachoonyeshwa, na mwongozaji aliyebahatika kukaa nyuma ya umati ule amejua ndani ya saa mbili wapi filamu yake ina nguvu na wapi imelegea.

Kwa miaka kadhaa tamasha hili lilipeleka filamu mpaka vijijini, Unguja na Pemba, na kulikuwa na maonesho ya wanawake na ya watoto. Kwangu hiyo ni sehemu ya tamasha yenye thamani kuliko zulia na tuzo, na popote panapotafutwa fedha za tamasha, zitafutwe kwanza za hilo.

Nimebakiza jambo moja, na ni dai. Filamu za nje zinapokuja kwetu, nyingi huja na maandishi ya Kiingereza chini ya picha. Iwe imesemwa Kiajemi, Kihindi, Kifaransa au Kiarabu, mtazamaji wa Unguja anayetaka kuielewa lazima asome Kiingereza, na asome haraka. Yule mama aliyeuliza kuhusu jiko angekuwa na swali gani kwa filamu ya Iran kama angeisoma kwa lugha yake? Tunaadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani kila tarehe 7 Julai, siku ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2021, na siku hiyo huangukia majira yaleyale ya kipupwe. Hotuba huwa nyingi. Mimi ningependa filamu moja ya Bahari ya Hindi yenye maandishi ya Kiswahili chini yake, ionyeshwe Ngome Kongwe.

Kazi hiyo haihitaji mitambo mikubwa. Inahitaji mtu anayejua lugha mbili, programu ya kompyuta, na subira ya kupima kila sentensi ili iweze kusomeka kabla picha haijabadilika. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kinafundisha Kiswahili na lugha za kigeni hapohapo Unguja. Wanafunzi wa tafsiri wanahitaji kazi za kujifunzia, tamasha linahitaji tafsiri, na watazamaji wapo. Wanafunzi wakianza na filamu fupi tano mwaka huu, mwakani watakuwa na uzoefu wa kushika filamu ndefu.

Kama wewe ni mwalimu pale chuoni, au ni mtu wa tamasha, na umenisikia, tuandikie hapa studio utueleze kinachozuia. Barua yako nitaisoma hewani wiki ijayo, saa kama hii. Na wewe uliyekuwa ukipita nje, ukifika mlangoni ulizia bei ya wenyeji, omba ratiba, na anza na ukumbi wa mchana.